Sekunde 30 za kupima miguu ya mwendesha baiskeli

Kwenye barabara ya Kasenga, wanaume wanasukuma baiskeli zilizojaa mifuko ya makala kuingia Lubumbashi. Kinga, ndivyo wenyeji wanavyoiita baiskeli. Miguu hiyo ikipewa baiskeli nyepesi ya mashindano, ingekwenda kasi gani? Maabara zimekuwa zikitafuta jibu la swali kama hilo kwa miaka zaidi ya 50.

Mwaka 1974 watafiti wa Taasisi ya Wingate, Israeli, walieleza kipimo ambacho kinatumika hadi leo. Mtu anapanda baiskeli isiyosogea na kukanyaga kwa nguvu zote kwa sekunde 30. Breki inawekewa uzito kufuatana na mwili wake, gramu 75 kwa kila kilo: mwenye kilo 70 anapambana na kilo 5 na robo. Wapimaji wanaandika nguvu ya juu kabisa, wastani wake, na jinsi ilivyoshuka mwishoni. Ni muda mfupi, lakini wengine wanashuka wakitapika.

Kwa mbio fupi za uwanjani, namba hizo zinasaidia. Hata hivyo mwenye mwili mkubwa, pamoja na wati zake nyingi, anazuiwa zaidi na upepo. Barabarani ni vigumu zaidi, maana mbio za mwisho zinakuja baada ya saa nyingi za uchovu. Ndiyo sababu kifaa cha Mjerumani Ulrich Schoberer, cha mwaka 1986, kilikuwa hatua kubwa: kilipima wati juu ya baiskeli yenyewe, njiani.

Tarehe 1 Julai 2024, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda mjini Turin baada ya kilomita 230.8, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France. Ajali karibu na mwisho ilichelewesha baadhi ya wapinzani. Hakuna maabara inayotabiri hilo.

Lakini kijana wa Katuba au Kampemba asiye na klabu hana ushindi wa kuonyesha. Wati zake zingekuwa ushahidi wake pekee. Rwanda ilijaribu. Kuanzia 2007, Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, alipima vijana huko kwa mashine, ingawa yeye alitafuta zaidi pumzi ya mbio ndefu. Adrien Niyonshuti wa timu hiyo alifika Olimpiki ya London 2012.