Watongwe: wenyeji wa Milima ya Mahale

Kusini mwa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, Milima ya Mahale inapanda hadi mita 2,462 katika kilele cha Nkungwe. Wageni hufika kwa boti au ndege ndogo kuangalia sokwe, kisha hutembea kwa miguu. Wachache huuliza mabonde yale yalikuwa ya nani.

Yalikuwa ya Watongwe. Waliishi katika vitongoji vya nyumba chache chache, wakilima mihogo na mahindi, wakivua samaki na kurina asali. Nkungwe kwao ni mlima mtakatifu. Watafiti wa Kijapani walipoanza kuwafuatilia sokwe mwaka 1965, Watongwe ndio waliowaonyesha njia na kuwatajia majina ya miti. Miaka ya 1970, wakati wa vijiji vya ujamaa, wengi walihamishwa. Mwaka 1985 milima ikawa hifadhi ya taifa.

Kwa hiyo ukienda leo, usitegemee kuwakuta mlimani. Wako vijijini, nje ya mpaka, na simu wanazo kama sisi. Tunashauri umwone kwanza mwenyekiti wa kijiji, naye atakupeleka kwa wazee. Ukitaka kumpiga mzee picha, muombe kwanza, na akikataa usimsumbue.