Madeleine Alikuwa na Jina

Kabla ya vita nilikuwa fundi wa kuchora vibao vya maduka na saluni kule Uvira. Kwa hiyo mwenzangu aliponionyesha kwenye simu picha ya mwanamke mweusi iliyochorwa Ufaransa mwaka 1800, jicho langu lilienda kwanza kwenye ngozi. Fundi anayeanza hupaka ngozi yetu nyeusi tupu, basi uso unakufa. Mchoraji huyu, Marie-Guillemine Benoist, hakufanya hivyo. Ametumia kahawia nzito, akaacha mwanga kidogo begani na shavuni. Ukuta wa nyuma ni mtupu, rangi hafifu. Kilemba na nguo ni nyeupe, na weupe huo ndio unaoing'arisha ngozi.

Halafu tazama macho. Anatutazama moja kwa moja, hacheki, halii. Wengine wanaona utulivu. Mimi naona mtu anayesubiri, kama sisi kwenye foleni ya mgao.

Titi lake moja liko wazi. Wapo wanaosema ni ishara ya uhuru, maana shali ya bluu, nguo nyeupe na utepe mwekundu ni rangi za bendera ya Ufaransa. Inawezekana. Lakini najiuliza: nani alimwuliza yeye kama anataka kuchorwa hivyo? Alikuwa mtumishi, aliyeletwa kutoka kisiwa cha Guadeloupe na shemeji wa mchoraji.

Ufaransa ilifuta utumwa kwenye makoloni yake mwaka 1794. Mwaka 1802 Napoleon akaurudisha, na Guadeloupe watu wengi waliuawa wakipinga. Picha imekaa katikati ya miaka hiyo. Uhuru wa huyu mama ulikuwa karatasi, na karatasi sisi tunazijua.

Mwaka 1818 picha ikanunuliwa, ikaingia Louvre. Kwa karibu miaka 200 aliitwa "mwanamke mweusi" tu, tena zamani kwa neno la dharau, huku jina la mchoraji limeandikwa pale pale ukutani karibu naye. Ni mwaka 2019, kwenye maonyesho ya Musée d'Orsay mjini Paris, picha ilipoitwa kwa jina lake: Madeleine.

Sasa ninyi ndugu zetu wa mashirika mnaokuja na kamera: yule mama mnayempiga picha bombani ana jina. Mwulizeni kwanza kama anakubali. Akikubali, andikeni jina lake chini. Akikataa, mwacheni achote maji yake.