maelezo mbadala
nm [ya-]

Maneno mafupi yanayowekwa katika msimbo wa ukurasa wa wavuti kueleza picha iliyomo, ili asiyeweza kuiona, awe mtu au mashine, ajue inaonyesha nini: *Kila picha ya tovuti hii ina maelezo yake mbadala.*

Ufafanuzi. Sifa ya msimbo inayoyabeba huitwa *alt*. Imo katika HTML 2.0 ya mwaka 1995, na HTML 4.0 ya mwaka 1997 iliifanya ya lazima kwa kila picha. Huwafaa kwanza wasioona, ambao husomewa ukurasa kwa sauti na programu ya kompyuta au simu. Huzifaa pia injini za utafutaji, kwani hizo hutegemea sana maandishi ili kujua picha inahusu nini.

Matumizi. Tuchukue tovuti ya mpangishaji nyumba wa Mbweni, wilayani Kinondoni, iliyojaa picha na video. Picha iliyopewa jina *IMG_0047* na maelezo “nyumba nzuri” haimsaidii mtafutaji. Hata neno “Mbweni” pekee halitoshi: iko Mbweni ya Dar es Salaam, na iko Mbweni ya Unguja, yenye magofu ya shule ya wamisionari ya karne ya 19. Anayetafuta nyumba akiwa Maskati atapotezwa kisiwa kizima. Afadhali iandikwe:

*Nyumba ya kupanga ya vyumba vitatu yenye ukuta na kisima, Mbweni, Kinondoni, Dar es Salaam.*

Maelezo haya hayaanzi na “picha ya”, kwa kuwa hilo limekwisha kujulikana. Wala hayarudii “nyumba Mbweni, nyumba Dar, nyumba bei nafuu”. Mrundiko huo humchosha msikilizaji, na injini za utafutaji huuchukulia kuwa hila. Picha ya pambo tu huachiwa *alt* tupu.

Tofautisha. *Maelezo ya picha* huonekana chini ya picha na husomwa na wote. *Manukuu* ni maandishi ya yanayosemwa katika video. Yakiwekwa pia kamili ukurasani, video nayo hupata maneno ya kutafutwa kwayo.

Tanbihi. Katika Kiswahili umoja na wingi hutofautiana mwanzoni mwa neno: *kiwanja*, *viwanja*. Isidhaniwe kwamba kila mashine itajua kuwa hilo ni neno moja. Maumbo yote mawili yatumiwe pale sentensi inapoyaruhusu. Aidha, ukurasa utambulishwe kwa msimbo wa lugha *sw*, ili programu ya kusomea iutamke kwa matamshi ya Kiswahili.

Linganisha: manukuu, msimbo, tovuti, wavuti.