Ivanov: Jina la ukoo linaloongoza Bulgaria lina maana gani?

Waliofuatilia Kombe la Dunia la mwaka 1994 nchini Marekani wanaikumbuka Bulgaria. Iliitoa Ujerumani kwa mabao 2-1 katika robo fainali na kumaliza ikiwa ya nne. Kwa mtangazaji wa redio, kikosi hicho kilikuwa mtihani wa ulimi: Mihaylov, Ivanov, Yankov, Letchkov, Balakov, Kostadinov, Stoichkov. Karibu kila jina lilifunga kwa mlio ule ule.

Mlio huo una maana, na jina Ivanov ndilo mfano rahisi wa kuielewa. Ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote nchini Bulgaria, nchi ya watu wapatao milioni 6.5. Makala haya yanaeleza lilikotoka, linavyotumika, na kwa nini suala la majina limewahi kuwatoa watu machozi na hata uhai katika nchi hiyo.

Maana ya Ivanov

Jina hili lina vipande viwili. Cha kwanza ni Ivan. Cha pili ni -ov, ambacho katika Kibulgaria kinaonyesha umilikaji, kama sisi tunavyotumia "wa". Kwa hiyo Ivanov ni "wa Ivan", yaani mtoto au mtu wa nyumba ya Ivan.

Na Ivan ni nani? Ni Yohana. Jina hilo lilianza katika Kiebrania, Yohanan, likiwa na maana kwamba Mungu amekuwa mwenye neema. Wagiriki wakalitamka Ioannes, na kutoka kwao likawafikia Waslavi na kugeuka Ivan. Kwa Waislamu, Yohana Mbatizaji ndiye Nabii Yahya. Basi mtu anayeitwa Ivanov, tukimtafsiri kwa Kiswahili, ni "wa Yohana".

Majina mengi ya kikosi kile cha 1994 yanaweza kufunguliwa hivyo hivyo. Kostadinov ni wa Kostadin, ambaye ni Konstantino. Mihaylov ni wa Mihail, yaani Mikaeli. Yankov ni wa Yanko, na Yanko naye ni sura nyingine ya Yohana.

Linavyotamkwa na kubadilika

Wabulgaria huandika kwa herufi za Kikirili: Иванов. Mkazo huwekwa kwenye silabi ya "va", na herufi ya mwisho husikika kama "f": i-VA-nof. Warusi nao wana jina hilo hilo, lakini wengi wao huweka mkazo mwishoni.

Jina hubadilika kulingana na jinsia. Mwanamume ni Ivanov, mwanamke ni Ivanova, na familia nzima huitwa Ivanovi. Kwa hiyo kaka na dada wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na majina yanayotofautiana kwenye hati zao, jambo ambalo mgeni huweza kudhani ni kosa la karani.

Kwa kawaida Mbulgaria ana majina matatu: lake mwenyewe, la baba, na la ukoo. Petar Georgiev Ivanov ni Petar, mtoto wa Georgi, wa ukoo wa Ivanov. Shujaa wa taifa Vasil Levski, aliyenyongwa mjini Sofia mwaka 1873 kwa kupigania uhuru, alizaliwa akiitwa Vasil Ivanov Kunchev, kwa kuwa baba yake alikuwa Ivan Kunchev. Levski ni jina la sifa linalotokana na neno la simba.

Kwa nini Yohana ni wengi hivi?

Sababu ya kwanza ni dini. Bulgaria ilipokea Ukristo katika karne ya 9, na majina ya watakatifu yakaingia nyumbani. Mtakatifu mlinzi wa nchi ni Ivan wa Rila, mtawa aliyefariki mwaka 946, na monasteri ya Rila inayobeba kumbukumbu yake imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1983. Wafalme nao walilibeba jina hilo. Ivan Asen wa Pili alitawala kuanzia 1218 hadi 1241.

Sababu ya pili ni mila ya siku ya jina. Kila tarehe 7 Januari, siku ya Mtakatifu Yohana Mbatizaji, watu wenye jina Ivan au Ivanka na majina ya jamaa yake husherehekea. Kwa desturi wageni hawasubiri kualikwa. Wanajua siku, wanakuja, na mwenye jina anaandaa meza.

Sababu ya tatu ni namna majina ya ukoo yalivyoundwa. Wakati wa utawala wa Waothmani, kuanzia mwishoni mwa karne ya 14 hadi 1878, Wabulgaria wengi hawakuwa na jina la ukoo lisilobadilika. Mtu alijulikana kwa baba au babu yake, na kizazi kilichofuata kilibeba jina jingine. Dola jipya lilipoanza kuandikisha raia wake, jina la babu likaganda kuwa la ukoo. Kwa kuwa akina Ivan walikuwa wengi, akina Ivanov wakawa wengi zaidi, bila kuwa na undugu wa damu.

Majina yalipogeuzwa silaha

Bulgaria pia ina raia Waislamu, wengi wao wenye asili ya Kituruki. Katika hati zao za serikali, wengi walikuwa na majina ya Kiislamu yenye mkia wa Kibulgaria.

Mwishoni mwa Desemba 1984, serikali ya kikomunisti ya Todor Zhivkov ilianza kampeni ya kuyafuta majina hayo. Vijiji vilizingirwa na askari, na watu wakatakiwa kuchagua majina ya Kislavi kutoka kwenye orodha. Katika miezi michache zaidi ya watu 800,000 walibadilishwa majina. Hata marehemu hawakusalimika, kwa kuwa majina yao kwenye daftari za vizazi yalibadilishwa pia. Waliopinga walifungwa, na baadhi waliuawa.

Mmoja wa waliobadilishwa alikuwa bingwa wa kunyanyua vitu vizito, Naim Suleimanov. Alipewa jina Naum Shalamanov. Desemba 1986, akiwa kwenye mashindano mjini Melbourne, Australia, aliwatoroka wenzake na kukimbilia Uturuki. Miaka miwili baadaye alitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul akiichezea Uturuki kwa jina la Naim Süleymanoğlu. Neno "oğlu" kwa Kituruki ni "mwana wa". Kwa hiyo Suleimanov na Süleymanoğlu yana maana moja: wa Suleiman. Alichokuwa amenyang'anywa ni huyo Suleiman mwenyewe.

Kati ya Mei na Agosti 1989, zaidi ya watu 300,000 waliihama Bulgaria kwenda Uturuki. Zhivkov aliangushwa tarehe 10 Novemba mwaka huo, na kabla ya Desemba kwisha viongozi wapya waliamua kwamba watu warudishiwe majina. Sheria ilipitishwa Machi 1990. Mwanzoni ilibidi mtu apitie mahakamani, kisha utaratibu ukarahisishwa. Januari 2012, bunge la Bulgaria lililaani rasmi kampeni hiyo.

Hali ya sasa

Leo sheria ya usajili ya Bulgaria inaruhusu jina la baba na la ukoo kuandikwa bila -ov au -ova pale mila, dini au asili ya familia inapotaka hivyo. Mwanamke anayeolewa anaweza kubaki na jina lake, kuchukua la mumewe, au kuyaunganisha yote mawili.

Jina Ivanov lenyewe linaendelea kuongoza, na limevuka mipaka. Gjorge Ivanov alikuwa rais wa Macedonia Kaskazini kuanzia 2009 hadi 2019. Beki mwenye ndevu wa kikosi kile cha 1994, Trifon Ivanov, alifariki mwaka 2016 na bado anatajwa kila mashabiki wanapozungumzia timu hiyo.

Ukilisikia tena jina linaloishia na -ov, ondoa mkia huo kwanza. Mara nyingi kinachobaki ni jina la baba au babu wa mtu fulani.