Waya Unaosikia kwa Ubavu

Aliye na umri wa kutosha kuzikumbuka nyumba za miteremko ya Meru kabla redio za mkononi hazijaenea, nyumba za Poli na Nkoaranga, za Akheri na Ngaramtoni, zilizojisitiri katikati ya migomba na mibuni, atakumbuka kwamba mgeni, kabla hajapiga hodi wala hajasikia sauti yoyote itokayo ndani, aliitambua nyumba yenye redio kwa waya mmoja mwembamba wa shaba uliotoka dirishani, ukapanda hadi karibu na kilele cha mgrivea, kisha ukavuka uwanja mzima hadi mti wa pili. Tarikhi ya waya huo ndiyo ninayokusudia kuieleza hapa, kwa sababu nusu ya redio ilikuwa pale mtini wala si ndani ya sanduku la mbao, na kwa sababu kanuni zilizoutawala ndizo zinazokitawala hata leo kijiwaya cha pingili ya kidole kilichomo katika ndege ya mfano iongozwayo kwa redio.

Uhusiano wa waya huo na vyombo vya kurukia ni wa tangu zamani. Guglielmo Marconi, alipokuwa St. John's katika kisiwa cha Newfoundland mwezi wa Desemba 1901, akitaka kuipokea ishara itokayo Poldhu, Uingereza, ng'ambo ya Atlantiki, na puto lake likiwa limekwisha kuchukuliwa na upepo, aliufunga waya wake wa takriban mita 150 kwenye kishada, akakirusha kama mtoto arushavyo chake ufukweni. Na ni kwa kishada kile kilichoyumbayumba angani kwamba tarehe 12 aliweza kusema amezisikia nukta tatu za herufi S. Siku ile chombo cha mchezo kiliubeba waya ili mwanadamu asikie. Miaka thelathini na sita baadaye, mnamo 1937, ndugu pacha wa Kalamazoo, Marekani, Walter na William Good, waliirusha ndege yao ya mfano waliyoiita Guff, ikiwa na kipokezi tumboni mwake, na tangu hapo chombo cha mchezo chenyewe kikawa ndicho kinachosikia.

Ama huku Tanganyika, utangazaji wa serikali ulianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, mwaka uleule ambao Wameru waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikaja Radio Tanzania Dar es Salaam. Baina ya Dar es Salaam na Arusha, ukipima kwa mstari ulionyooka, kuna kilometa 470 hivi, nao ni umbali ambao wimbi litambaalo juu ya ardhi huuchokea njiani. Ndiyo sababu msikilizaji wa mlimani alitegemea masafa mafupi, hasa bendi ya mita 60, iliyotengwa kwa ajili ya nchi za joto, ambamo Radio Tanzania ilijulikana kwa miaka mingi kwenye kilohezi 5050. Wimbi la bendi hiyo hupaa juu sana, likagonga tabaka la anga lililotiwa nguvu na jua, kisha likarudi chini na kumshukia msikilizaji kutoka juu kama mvua. Na maadamu lilishuka kutoka juu, Mlima Meru, pamoja na urefu wake wa mita 4,566, haukuweza kulizuia. Mtu wa Usa River upande wa kusini na mtu wa Engare Nanyuki nyuma ya mlima, ambako mvua yenyewe hufika kwa uchache, waligawiwa sauti ile kwa haki.

Walakini sauti iliyoshuka ilikuwa dhaifu, na shurti ipokewe kwa maarifa. Robo ya wimbi la mita 60 ni mita 15, na waya wa kadiri hiyo, au mrefu zaidi kama uwanja uliruhusu, ndio uliofaa. Ulitakiwa kuning'inia mbali na paa la bati, kwa kuwa bati humeza kile ambacho waya ungekipata. Usiguse matawi, kwani jani lililolowa huivujisha ishara mtini. Na kwenye kila ncha utenganishwe na mti kwa kikombe cha kauri au kitu kingine kisichopitisha umeme, kisha ufungwe kwa kamba iliyolegezwa kidogo, ili mti ukiyumba kwa upepo waya usikatike. Kadhalika ulitakiwa kukaa mbali na injini, kwa maana cheche za plagi za gari au za mashine ya kukobolea husikika redioni kama kukaanga mahindi. Waya wa pili ulizikwa ardhini, penye unyevu. Na radi za masika zilipoanza, mwenye nyumba mwenye busara aliuchomoa waya wa mtini, akauunganisha na ule wa ardhini, akakubali kukaa usiku ule bila habari. Aliyeipuuza hadhari hiyo aliweza kujutia redio iliyoungua, na pengine zaidi ya redio.

Jambo la mwelekeo ndilo linalonipendeza kuliko yote. Waya ulionyoshwa husikia kwa ubavu, ilhali ncha zake zina uziwi: kituo kilicho mbali, kilichokaa sawasawa na ncha, hufifia, na kilichokaa ubavuni husikika vyema. Ikiwa baba mwenye nyumba alitaka kuisikia idhaa ya Kiswahili ya Cairo, iliyoanza mwaka 1954, ilimpasa kuuelekeza waya wake mashariki na magharibi, kwa kuwa Cairo iko kaskazini ya Arusha. Na akitaka kuipendelea Dar es Salaam, iliyo kusini-mashariki, basi waya uende kutoka kaskazini-mashariki hadi kusini-magharibi. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipoongezeka mwaka 1957, palikuwa na mwelekeo mwingine wa kufikiriwa. Kwa hiyo ile miti miwili uwanjani ilikuwa inasema, kwa anayejua kuisoma, ni sauti gani iliyopendwa ndani ya nyumba ile. Na katika miaka ile ya kudai uhuru, haikuwa habari ndogo kwamba mtu ameuelekeza ubavu wa waya wake Cairo.

Mwezi wa Januari 1967 Halmashauri Kuu ya chama cha TANU ilikutana Arusha, katika jengo la Kaloleni ambalo leo ni Makumbusho ya Azimio la Arusha, na tarehe 5 Februari Azimio likatangazwa. Maneno yaliyopimwa Kaloleni, mwendo wa saa chache tu kwa miguu kutoka mashamba ya Wameru, yalisafiri kwanza hadi pwani, yakaingia katika mitambo ya Dar es Salaam, yakapaa mamia ya kilometa angani, ndipo yakarejea kumshukia mtu aliyeketi chini ya mgrivea wake akiutazama Mlima Meru uleule ulioutazama mkutano. Sijui mfano ulio bora kuliko huu wa kuonyesha waya ule ulikuwa na kazi gani.

Redio za transista zilikuja zikaupunguzia waya heshima yake. Arusha yenyewe ilikuwa na kiwanda cha Philips kilichounganisha redio, na redio hizo zikaingia vijijini zikiwa na antena ya chuma inayovutwa na kurefuka kwa ajili ya masafa mafupi, na ndani yake kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa nyuzi kwa ajili ya masafa ya kati. Uziwi wa ncha haukuondoka. Ulihamia ndani ya sanduku tu. Kila aliyeigeuza redio yake mezani, mara huku mara kule, hata sauti ikatengemaa, alikuwa anakigeuza kijiti kile ili ubavu wake ukabili kituo. Na utangazaji wa watu binafsi ulipokubaliwa katika miaka ya 1990, mawimbi ya FM yakiongezeka, mlima ulipata kulipiza: FM huenda kwa mstari kama mwanga, na bonde lililofichwa nyuma ya kilima hubaki gizani, hata kama mtambo hauko mbali.

Tukija sasa kwenye ndege za mfano, yale ya mgrivea yanajirudia kwa udogo. Kwa miongo mingi warushaji wa Ulaya walitumia megahezi 35, na wa Marekani megahezi 72. Antena ya kipokezi ilikuwa uzi laini wa mita moja hivi, uliotoka kiwiliwilini mwa ndege na aghalabu kufungwa kwenye ncha ya mkia kwa mpira mdogo ili usivutike, sawa na ile kamba iliyolegezwa ya mtini. Asiyejua aliukata uzi huo kwa kuuona mrefu, au aliukunja tumboni mwa ndege, na hatima yake ndege ikaacha kukitii kidhibiti, ikaanguka. Leo masafa ni gigahezi 2.4, robo ya wimbi imekuwa milimita 31, na sehemu isikiayo ni ile ncha ya mwisho tu iliyovuliwa ngao yake. Haifai kukatwa wala kukunjwa. Isilazwe juu ya betri wala kando ya mota, wala isifungiwe ndani ya kiwiliwili cha nyuzi za kaboni, kwa sababu kaboni huzuia wimbi kama bati la paa lilivyozuia. Kiwiliwili cha mbao au povu hakina dhara hilo. Na kwa kuwa ndege, tofauti na mti, hugeuka kila upande, na kuna dakika ambapo ncha ya antena humwelekea mrushaji barabara, vipokezi vingi hutiwa antena mbili zilizowekwa kwa pembe mraba, ili moja ikiwa kiziwi nyenzake isikie kwa ubavu.

Kijana wa Arusha anayeijenga ndege ya namna hiyo ana wajibu wa kupata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla ya kuirusha, na anga la Kisongo, penye uwanja wa ndege, si la kuchezea hata kidogo. Lakini kabla ya kuifunga antena yake, namwomba apande kwanza hadi kwa babu yake mlimani, auangalie mgrivea wa uwanjani kama bado haujakatwa, akitafute kikombe cha kauri ambacho huenda gome limekwisha kukimeza nusu, na amwulize mzee ni upande gani aliounyosha waya, na alitaka kumsikia nani. Kisha ayaandike majibu hayo, mzee angali hai.