Nani Analima Usiku?

Msomaji, ukihamia nyumba mpya ukiwa mtoto, usiku wa kwanza hulali. Mimi nilihamia Nzuguni na wazazi nikiwa na miaka tisa. Nyumba ilinuka saruji. Nyuma ya uwanja palikuwa na tuta refu la udongo, na usiku nilisikia kama jembe linagonga huko. Asubuhi nikaenda kwa bibi jirani.

"Shikamoo bibi. Nani analima usiku kule nyuma?"

"Marahaba mjukuu wangu. Usitoke nje. Hao misukule."

Si unajua habari zake? Mtu anafariki, analiliwa, anazikwa. Kumbe, eti, kaburini umelala mgomba, na yeye mchawi kamchukua. Hasemi, anakula pumba, usiku analima shamba la bwana wake. Yaani kijiji ndani ya kijiji. Nilikojoa kitandani mwezi mzima.

Nilipokua nikasoma historia. Mwaka 1971 ilianza Operesheni Dodoma: Wagogo waliokuwa wakiishi mbalimbali na mifugo yao walihamishiwa vijiji vya ujamaa. Baada ya 1973 operesheni zikaenea nchi nzima, na mahali pengine nyumba za zamani zilichomwa moto ili watu wasirudi. Mwaka huohuo wa 1973 ikaamuliwa makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa. Mashamba yakaanza kupimwa viwanja. Mwaka 2016 serikali ilipoanza kuhama kwa kishindo, viwanja navyo vikapanda bei.

Basi nikarudi kwa bibi na swali lilelile. Safari hii alicheka kidogo, kisha akanyamaza.

"Lile tuta ni ukuta wa tembe la baba yangu," akasema. "Tulipohamishwa, mchana tulilima shamba la kijiji. Usiku baba alirudi kulima la kwake. Tukiulizwa nani kalima, tunasema misukule. Nani angethubutu kwenda kuangalia?"

Sikuwa na la kujibu. Kumbe hadithi iliyonitisha ilikuwa ngao ya mtu mwenye njaa, na nyumba yetu imesimama juu ya shamba lake.

Vijana tunaoandika tunapenda mizimu ya sinema. Hebu kwanza tuwaulize wazee: kabla yetu, hapa palikuwa kwa nani?

Tuta lile limesawazishwa. Pana banda la kuku sasa.