Sifa za Mgonjwa na Kupungua kwa Uzito Baada ya Upasuaji wa Tumbo

Upasuaji wa kupunguza uzito hufanywa leo kwa njia kuu mbili. Katika ya kwanza, sehemu kubwa ya tumbo, robo tatu au zaidi, hukatwa na kutolewa, ukabaki mrija mwembamba. Katika ya pili, iitwayo baipasi, daktari hutenga kifuko kidogo juu ya tumbo, cha kubeba kama mililita 30, kisha akakiunganisha na utumbo mwembamba, hivyo chakula kikaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Njia ya tatu, ya kulibana tumbo kwa mkanda, imekaribia kuachwa. Puto linaloingizwa tumboni bila kisu, ambalo Watanzania wengi wamelisikia kupitia huduma za hospitali ya Mloganzila, ni jambo jingine na halimo katika mjadala huu.

Wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa aina moja hawapungui sawa. Utafiti wa LABS, ulioandikisha wagonjwa katika hospitali 10 za Marekani kati ya mwaka 2006 na 2009, ulionyesha kwamba miaka mitatu baada ya baipasi mgonjwa wa katikati alikuwa amepoteza asilimia 31.5 ya uzito wake. Robo ya wagonjwa, hata hivyo, hawakufikia asilimia 25, na robo nyingine walivuka 38. Madaktari wamejitahidi kwa miaka mingi kutabiri nani ataangukia upande upi: kwa umri, jinsia, maradhi, hali ya akili, nidhamu ya kula. Mavuno ya juhudi hizo ni haba. Sifa zinazoonekana kabla ya upasuaji hueleza sehemu ndogo tu ya tofauti hiyo, lakini mara nyingi zimetumiwa kumfungia mgonjwa mlango.

Sehemu ya mkanganyiko hutokana na kipimo chenyewe. Kwa muda mrefu matokeo yalihesabiwa kama asilimia ya uzito wa ziada uliopotea, yaani ule unaozidi BMI (uwiano wa uzito na urefu wa mwili) ya 25. Wachukuliwe wanawake wawili wenye urefu wa mita 1.60, ambao uzito wao kwa BMI hiyo ungekuwa kilo 64. Mmoja ana kilo 102, mwingine 141, na kila mmoja anapoteza asilimia 30 ya uzito wake wote. Wa kwanza ameshuka kilo 31 na kuondoa asilimia 80 ya uzito wake wa ziada. Wa pili ameshuka kilo 42, lakini kwa kipimo hicho ameondoa asilimia 55 tu. Aliyepungua kilo nyingi zaidi anaandikwa kuwa ndiye aliyefanya vibaya. Tafiti zilizodai kwamba wagonjwa wazito zaidi, au wanaume, hunufaika kidogo zilijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya hesabu hii. Ikitumika asilimia ya uzito wote, pengo kati ya wanaume na wanawake hupungua mno.

Umri una athari ya kweli, ingawa si kubwa. Misuli hupungua kadiri miaka inavyosonga, na mwili hutumia nishati kidogo hata ukiwa umepumzika, hivyo aliyevuka miaka 60 kwa kawaida hushuka kidogo kuliko mwenye miaka 35. Kisukari cha aina ya pili kina uzito zaidi. Wenye ugonjwa huo hupoteza pungufu kwa asilimia kadhaa, hasa wanaotumia insulini au vidonge vinavyolichochea kongosho kuitoa, kama glibenklamidi, kwa kuwa insulini huhimiza mwili kuhifadhi mafuta. Hapa mizani inaweza kumpotosha daktari. Baada ya baipasi sukari ya damu huanza kushuka katika siku chache, kabla uzito haujapungua kwa kiasi cha kutajika, na dozi za insulini hulazimika kupunguzwa mapema. Mgonjwa wa namna hii anaweza kuonekana hafifu kwenye jedwali la kilo, huku ugonjwa uliomleta hospitali ukirudi nyuma.

Urithi nao umeonekana. Watafiti wa Boston walilinganisha jozi za ndugu wa damu waliofanyiwa baipasi na jozi za watu wasio na udugu wanaoishi nyumba moja. Matokeo ya ndugu yalikaribiana sana; ya wale wanaochangia jiko moja yalitofautiana kwa mbali. Jozi zilikuwa chache, lakini matokeo hayo yanatosha kutilia shaka wazo kwamba kila kitu huamuliwa mezani.

Tafiti za Marekani hurudia pia kwamba Wamarekani weusi hupungua kidogo kuliko weupe kwa wastani. Takwimu hii haifai kuhamishiwa Nairobi au Dar es Salaam kama ilivyo. Kipato, bima, mtaa anaoishi mtu na umbali wake na kliniki vimo ndani ya neno “mweusi” la takwimu za Marekani, na havijatenganishwa vya kutosha na maumbile.

Hali ya akili ndiyo iliyotiliwa mkazo kupita kiasi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, uliokusanya tafiti nyingi, ulikuta sonona kwa karibu mmoja kati ya kila watano wanaoomba upasuaji, na ulaji wa kupindukia kwa idadi inayokaribia hiyo. Hakuna kati ya hali hizo mbili iliyohusiana na kupungua kwa uzito kwa namna inayotabirika. Kinachohusiana ni ulaji usiodhibitika unaojitokeza baada ya upasuaji. Kifuko cha mililita 30 hakiwezi kupokea sinia zima la pilau, lakini mtu anaweza kula vijiko vichache kila nusu saa akijihisi hawezi kuacha. Kwa hiyo mahojiano na mwanasaikolojia yangefaa zaidi mwezi wa kumi na nane kuliko wiki moja kabla ya kisu.

Tabia za baada ya upasuaji ndipo palipo na tofauti kubwa. Katika wagonjwa wa LABS, mambo matatu yalijitokeza kuliko mengine: kujipima uzito kila wiki, kuacha kula mara shibe inapohisiwa, na kutokula mfululizo mchana kutwa. Kwa makadirio ya watafiti, mgonjwa wa baipasi aliyeanza kujipima na kuzifuata tabia hizo mbili za kula angepoteza asilimia 38.8 ya uzito wake katika miaka mitatu. Asiyebadilisha lolote, asilimia 24.6. Umbo la chakula lina nafasi yake. Tonge kavu la ugali au kipande cha nyama choma kisichotafunwa vizuri hukwama na kuumiza, ilhali soda, juisi ya miwa na chai ya maziwa yenye sukari nyingi huteleza bila kushibisha. Mgonjwa anayekwepa maumivu anaweza kujikuta anaishi kwa vinywaji, na uzito ukarudi bila yeye kukiuka kipimo cha sahani hata siku moja.

Si haki, hata hivyo, kuziita tabia hizi utashi mtupu. Upasuaji hubadilisha homoni za utumbo: zinazoleta shibe huongezeka, na grelini, inayochochea njaa, mara nyingi hupungua. Mabadiliko hayo hayalingani kwa watu wote. Anayeacha kula kwa wakati huenda ni yule ambaye mwili wake unampa ishara kali zaidi.

Pombe inahitaji uangalizi wake. Baada ya baipasi huingia kwenye damu haraka na kwa kiwango cha juu, na kalori zake hazishibishi. Wagonjwa wa LABS wenye tatizo la unywaji walikuwa asilimia 7.6 kabla ya upasuaji na 9.6 katika mwaka wa pili baada yake. Katika mwaka wa kwanza hakukuwa na ongezeko, kwa hiyo kliniki inayomwaga mgonjwa wake baada ya miezi 12 humwaga kabla tatizo halijaonekana. Mazoezi husaidia zaidi kuulinda uzito uliofikiwa kuliko kuushusha. Mahudhurio ya kliniki pia huambatana na matokeo mazuri, ingawa anayeona aibu kwa kunenepa tena ndiye huacha kuja, hivyo chanzo na tokeo ni vigumu kutenganisha. Anayepasuliwa India kisha akarejea Afrika Mashariki huanza bila kliniki hiyo kabisa.

Limebaki sharti la kupungua kwanza. Mlo wa kalori chache wa wiki mbili una sababu ya wazi: ini lenye mafuta hunywea, na daktari hulisogeza kwa urahisi ili alifikie tumbo. Sharti la kampuni za bima za Marekani, la kufuata mlo wa kupunguza uzito kwa miezi mitatu hadi sita ili kuthibitisha nidhamu, halina ushahidi wa namna hiyo; chama cha madaktari wa upasuaji huo nchini humo kimelipinga, na wapo wagonjwa wanaoacha njiani kabla ya kufikia kisu. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2022 unapendekeza upasuaji kwa mwenye BMI ya 35 hata bila maradhi mengine, na hauweki ukomo wa juu wa umri.